Madaftari ya Mama: shajara ya kusoma michango ya mtaa wetu

12 Januari 2025: kilichopo mezani

Marehemu mama alikuwa mtunza hazina wa chama cha kina mama cha kuzikana hapa Ngamiani, Tanga, tangu 1994 hadi alipofariki 2019. Ameacha kaunta buku sita. Zilikuwa juu ya kabati ndani ya kiroba cha unga. Ya pili imeliwa na mchwa upande wa mshono, ya tano inanuka mafuta ya taa mpaka leo. Chama kilipomchagua mwingine kikaanza daftari jipya, hizi nikaambiwa, "Kaa nazo mwanangu, ukumbusho."

Mwaka jana nilisoma kozi ya jioni ya utangulizi wa sosholojia. Nikafaulu vizuri. Wiki moja baada ya mtihani, mdogo wangu akaniuliza, kaida ndiyo kitu gani? Nikamweleza jinsi Waingereza wanavyopanga foleni kituo cha basi. Sijawahi kufika Uingereza. Kila mfano niliokuwa nao kichwani ulikuwa wa hivyo, wa watu ambao sijapata kuwaona.

Kazi niliyojipa ni kuyasoma madaftari haya kwa zile dhana za darasani, moja moja, nione zipi zinashika na zipi zinateleza. Nani alimpa nani nini, kwenye shughuli ipi, na kilirudije. Naandika humu ili mwenye madaftari ya mama yake naye ajaribu bila kurudia makosa yangu. Nafanya Jumapili tu, siku ambayo duka linafungwa.

26 Januari: picha

Kurasa zote nimezipiga picha kwa simu. Kurasa 90 za mwanzo zimeharibika kwa ajili ya flashi: wino wa miaka ya tisini umepauka, ukiumulika unapotea kabisa. Nimerudia uani saa mbili asubuhi, kivulini, daftari limelazwa juu ya ungo uliopinduliwa lisije likakunjika. Nafanya kazi duka la steshenari, kwa hiyo nilijaribu na skana ya dukani, lakini kifuniko chake kinabana mshono na daftari la pili lilianza kuachia. Nikaacha.

Jumla kurasa 611. Gharama: bando 3,000, rula 500.

Kurasa nne za mwisho za daftari la sita si mwandiko wa mama. Nimezipiga picha lakini sijazisoma. Zitasubiri.

9 Februari: watu 204

Nimetengeneza jedwali: tarehe, shughuli, jina, kiasi. Nikawa na majina 204. Mama alikuwa akisema siku zote, "Sisi hatuzidi mia." Nikadhani alikuwa anakadiria tu.

Kosa lilikuwa langu. Mwanamke mmoja ameandikwa "mke wa fundi" mwaka 1994. Mwaka 1996 ni Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwaka 2003 yule mtoto amefariki na mama yangu ameacha kumwita hivyo, sasa anaitwa kwa jina la mtoto wa pili. Mwaka 2008 ni Hajati. Mwaka 2015 ni Bibi wa mjukuu wake. Kwangu mimi hao walikuwa wanawake watano, na wanne kati yao "waliacha kuchanga". Nilikwisha kuandika pembeni: wanachama wengi hawadumu.

Darasani tulifundishwa kuwa Ralph Linton, mwaka 1936, alitenganisha hadhi anayozaliwa nayo mtu na ile anayoipata kwa jitihada. Niliijibu vizuri sana kwenye mtihani. Hapa hadhi imekaa kwenye safu ya majina, inabadilika kila mtu anapoolewa, anapozaa, anapofiwa, anapokwenda Makka, na mimi nikaiona kama uzembe wa mwandishi. Tena si rahisi kusema ipi ni ya kuzaliwa nayo na ipi ya kuipata. Ubibi je? Hukuufanyia kazi, wala hukuzaliwa nao. Umeletewa na mwanao.

Dawa yake: jioni mbili kwa katibu wa zamani wa chama (nitamwita Bi Katibu), nikimsomea majina, yeye akiyaunganisha. Hakuhitaji kuangalia karatasi. "Huyo ndiye yule. Na huyo ndiye yule yule, ila hapo alikuwa ameachika." Tumebaki na watu 97. Chai, maandazi na sukari kilo moja ya kumpelekea: 7,500.

23 Februari: shilingi na pishi

Nilichora grafu ya kiasi cha wastani kwa mwaka. Ikapanda kama mnazi. Nikafurahi, nikakumbuka kuwa 1996 shilingi 500 ilikuwa pesa.

Bahati mama aliandika manunuzi ya kila msiba ukurasa wa kushoto, na mchele haukosi. Nikageuza kila mchango kuwa mchele kwa bei ya siku ile ile. Grafu ikapinduka: kila mtu anatoa mchele mchache kuliko zamani, ila wanaotoa wameongezeka. Nikaanza kuandika sentensi ya ukarimu kupungua, ile wazee wanayoipenda.

Nayo ikafa. Miaka ya tisini watu wengi walileta vitu: "mchele pishi 2", "kuni mzigo", "sukari". Mimi niliingiza pishi kama kilo. Pishi ni vibaba vinne, ni kipimo cha ujazo, na sikuwa nacho nyumbani. Nimeazima kwa jirani, nikaujaza mchele, nikaupeleka dukani kwenye mizani: kilo mbili na nusu na kitu kidogo. Pishi nyingine ya jirani wa pili ikatoa pungufu ya hapo. Nimetumia mbili na nusu, basi. Muuza duka kaniuliza kama nimefungua biashara ya nafaka.

Vitu vya kuni nimeviacha pembeni. Sijui mzigo ulikuwa na vipande vingapi, na Bi Katibu anasema ulitegemea kichwa cha mbebaji.

Machi: mfungo. Hakuna kilichofanyika, ila kukabidhi chuoni kazi moja juu ya madaftari haya.

13 Aprili: hojaji

Hii ndiyo niliyoigharimia na ndiyo iliyofeli kuliko zote. Maswali 14, nakala 30, kalamu 30 za zawadi. Jumla 14,000 na siku tatu za miguu.

"Kwa nini unachanga?" Ishirini na sita wameandika, "Kwa moyo." "Asiyechanga anafanywa nini?" Karibu wote, "Hafanywi kitu, ni hiari." Wangenijibu hivyo hivyo hata kwa barua kutoka Muscat.

Mama mmoja aliyeandika "hafanywi kitu" akanirudishia karatasi, akafunga mlango wa mbele, akaniita uani kunionyesha mche wake wa mlimao. Huko uani akanisimulia habari za mwanamke wa barabara ya pili yake ambaye alikuwa haonekani kwenye shughuli za watu. Alipofiwa na mumewe, watu walikwenda, wakakaa dakika tano tano, wakaondoka. Hakuna aliyelala. Hakuna aliyeinjika sufuria. "Tulimpa mkono wa pole kama wanavyompa mkono mgeni wa serikali." Halafu akacheka. Akaongeza ule usemi ambao kila mtu mtaani anaujua: asiyezika wenzake, atazikwa na manispaa.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika miaka ya hamsini, alilinganisha maisha ya watu na jukwaa la maigizo, kwamba kuna mbele kunakoonekana na nyuma kunakoandaliwa. Sisi tuna nyumba ambayo imejengwa hivyo tangu msingi: baraza na ua. Nilikwenda na karatasi nikakaa barazani, nikapewa majibu ya barazani. Ungepita na hojaji yako nyumba mia, baraza ni baraza.

Na pale pale chini ya mlimao nikaielewa tofauti ya William Sumner ya mwaka 1906, kati ya desturi nyepesi na mila nzito, ambayo nilikuwa nikiichanganya kila siku. Mgeni akija msibani na viatu vya kelele, watasengenya hadi magharibi, yataisha. Asipokuja kabisa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna atakayemwambia neno. Siku yake ikifika ndipo atakapohesabu masufuria. Mtu anayetafuta adhabu kwenye katiba ya chama (wanayo, kurasa tatu, imepigwa chapa) ataikuta faini ya kuchelewa kikao, shilingi 500. Hiyo nyingine haikuandikwa popote.

27 Aprili: nimewaanika watu

Nasita kuandika hili lakini nilisema nitaandika makosa.

Nilimtumia binamu jedwali langu anisaidie mambo ya fomula. Humo nilikuwa na safu ya "watoro": wanawake 23 ambao mama amewawekea alama ya × mahali pa pesa, tena na tena, miaka hata kumi. Kwenye maelezo nikawaita wadandiaji, kama watu wanaoning'inia mlangoni mwa basi wasilipe nauli. Binamu akamwonyesha mkewe. Mkewe akampigia mtu. Jioni ya Alhamisi nikagongewa mlango na binti wa mmoja wao, hakuvuka kizingiti hata nilipomkaribisha. "Mama yangu umemwandika mtoro kwenye kompyuta?" Nikaanza kusema ni utafiti. Akanikatisha: "Mama yako asingefanya hivyo." Akaondoka.

Mambo mawili nilitakiwa kuyafanya Januari. La kwanza, ruhusa: madaftari ni ya mama, lakini majina yaliyomo si yake wala si yangu. Nimekwenda kwenye kikao cha chama, nimekaa mkekani, nimeomba radhi, nimeeleza. Walinisikiliza, wakanipiga faini ya shilingi 5,000 (hiyo ya katiba ni 500, wakasema yangu ni kubwa), kisha wakaniruhusu kuendelea kwa masharti. La pili, majina: kila mtu sasa ni namba, na orodha ya kuunganisha namba na majina iko kwenye karatasi moja, ndani ya kabati lenye ufunguo, si kwenye simu. Maingizo ya juu nimeyapitia upya kuondoa majina. Wewe utakayeiga, anza na hili kabla ya picha ya kwanza.

Yule binti hajapita dukani kwetu tangu siku ile. Mama yake ni Namba 61.

18 Mei: msibani

Barabara ya jirani kulitokea msiba. Nilikwenda alfajiri bila daftari wala kalamu, nikavaa kanga, nikakaa kwenye jamvi la kuchambulia mchele. Ndiyo njia ambayo mwanaanthropolojia Malinowski aliifuata visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, zaidi ya miaka mia iliyopita, kwenda kuishi na watu badala ya kuwauliza maswali ukumbini kwa mwakilishi wa serikali. Yeye alikaa miaka, mimi siku mbili.

Niliyoyaona hayamo kwenye kurasa 611. Mtunza hazina wa sasa amekaa mlangoni pa chumba, daftari pajani. Anayeingia anampa mkono, na ubani (pesa ya rambirambi) umo ndani ya kiganja, umekunjwa hadi kuwa kama njugu. Hazihesabiwi mbele ya mtoaji. Mtunza hazina anazifunga kwenye pindo la kanga, moja kona hii, nyingine kona ile, na baada ya watu sita saba anageukia ukutani anaandika. Anakumbuka kwa mafundo. Kwa muda wote mama alivyofanya kazi ile, nilikuwa nadhani ni kuandika tu.

Kwenye jamvi, mikono ikiondoa chuya, mazungumzo hayakuwa ya marehemu. Nimesikia nani anaumwa na hajasema, nani anatafuta mpangaji, kijana yupi amerudi kutoka Dar na hana mke. Mwanasosholojia Robert Merton angeita hiyo kazi iliyojificha ya jambo, tofauti na ile iliyotangazwa. Kilichotangazwa ni kuzika. Hadi mchele unaingia jikoni posa moja ilikuwa imekwisha kupimwa uzito.

Halafu ile ×. Saa kumi na mbili kasorobo akaingia Namba 61, amejitanda kanga mbili, kisu amekifunga kwenye kitambaa. Hakupita mlangoni kutoa mkono. Alikwenda moja kwa moja uani, akateremsha masufuria makubwa ya chama kutoka kwenye mkokoteni, akaanza kuyasugua kwa majivu. Mtunza hazina akanyoosha shingo akamwona, akainama, akaandika. Niko karibu, nikachungulia. Jina lake, na mbele yake ×.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini, Bi, hiyo alama ni ya nini?

"Hii? Mikono." Akapishanisha mikono yake miwili kifuani kunionyesha. "Asiye na pesa ana mikono. Mama yako ndiye aliyetuanzishia, alikataa kuandika sifuri."

Wanawake 23. Niliwaita wadandiaji kwenye jedwali, na pia kwenye kazi niliyoikabidhi chuoni mwezi wa tatu, ikapewa alama nzuri kwa "uchambuzi makini".

1 Juni: kuhesabu upya

Nimeirudia × kwa madaftari yote sita. Kila alama sasa ni siku ya kazi. Nilitaka kuigeuza mchele kama nilivyofanya kwa pesa, nikakwama: mtu aliyelala msibani siku tatu ametoa kilo ngapi? Nikamuuliza Bi Katibu, akanitazama kama nimeuliza bei ya mvua. Nimeiacha safu peke yake, haijumlishwi na pesa. Grafu moja nzuri imekuwa mbili mbaya na nimekubali.

Mwanasosholojia Marcel Mauss, mwaka 1925, aliandika kwamba zawadi ina wajibu tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Niliutafuta ule wa tatu kwa kulinganisha jozi, A alimpa B nini kwenye msiba wake, na B alimrudishia A nini. Watu karibu hawarudishi sawasawa. Wanaongeza kidogo, au wanapunguza kidogo wakaleta na kitu kingine, ili kuwe na baki. Nilikuta jozi mbili tu zilizorudi sawa kwa shilingi. Nikamsomea Bi Katibu namba zao bila kumwambia nimeona nini. "Hao waligombana," akasema kwa jozi ya kwanza. Kwa ya pili akafikiri kidogo: "Hao nao. Ugomvi wa kiwanja." Ukimrudishia mtu sawasawa umemfungia hesabu, hakudai, humdai, na kesho hana sababu ya kugonga mlango.

Mikono nayo inarudishwa kwa mikono. Nimekuta mmoja tu aliyejaribu kurudisha siku tatu za masufuria kwa noti, mwaka 2011, na mama ameiandika kisha ameikata mstari. Pembeni: "amekataa kupokea". Kwa hiyo na ule wajibu wa pili wa Mauss ninao, kwa kuvunjwa kwake.

Gharama za mwezi: nauli za bajaji 6,000, kuchapa upya 2,400. Nimeandika barua kwa mwalimu wa chuo kurekebisha ile kazi ya Machi. Hajajibu.

15 Juni: kurasa nne za mwisho

Zimebaki hizo tu, na chama kimeniuliza kama nimemaliza, wanataka madaftari yarudi kwao sasa. Nimewaambia wiki ijayo.

Ni msiba wa mama mwenyewe. Mwandiko ni wa Bi Katibu, herufi kubwa kubwa, hajazoea mistari ya kaunta buku. Mistari 143. Ukurasa wa kushoto, manunuzi, mchele na bei yake, kama mama alivyowafundisha. Nimeingiza yote kwa utaratibu ule ule, namba baada ya namba.

Namba 61: ×. Mbele yake ameandika "siku 7". Hakuna mwingine kwenye kurasa hizo mwenye saba. Mimi wakati ule nilikuwa nimelala chumba cha ndani, watu wanaingia wanatoka, sikumbuki nani alinipa uji.

Kwa ruhusa ya mtunza hazina nimeangalia daftari jipya, la 2019 kuja huku, kutafuta namba yangu mwenyewe. Nipo. Nilikuwa Dar hadi mwaka juzi, na sijakosa msiba hata mmoja: 10,000, 10,000, 15,000, na kila mara mbele yake wameandika "simu". Msiba wa mume wa Namba 61, mwaka 2022: 20,000, simu. Hakuna × hata moja kwenye mistari yangu.

Jumamosi tarehe 21 kuna hitima nyumbani kwake. Bi Katibu anasema masufuria yanateremshwa saa kumi na moja alfajiri. Nimemuuliza kama visu ni vya chama. Kila mtu na chake. Cha kwangu nimekipeleka kwa mnoaji wa sokoni: 500.